Kapteni na Paa la Kuzuia Mabomu

Hakuna mtu katika mji wetu anayeijua habari ya Kapteni kama niijuavyo mimi, kuanzia mwanzo hadi mwisho, neno kwa neno. Sawa, mwanzo niliambiwa na muuza karanga, mwisho nikaambiwa na wateja wa dukani, na katikati nimepajaza mwenyewe. Lakini nimepajaza vizuri.

Kapteni hakuwa kapteni wa kitu chochote. Jeshini hakuwahi kukanyaga hata kupeleka maziwa. Koti lake la kijani alilipata kwenye lundo la mitumba, na vifungo vyake vya shaba alivisugua kwa majivu mpaka vikawa vinamtangulia barabarani. Cheo alijipa mwenyewe. Alianza na uluteni, akajipandisha mara moja tu, akatosheka. Hakuwa mtu wa tamaa.

Mali yake yote duniani ilikuwa gari, Benzi jeupe la kizee aliloliita Bibi Harusi, kwa weupe wake na kwa sababu halikukubali kuondoka mpaka lisukumwe na watu. Mwenye nyumba alikuwa amekwisha kumfungia chumba, kwa hiyo Bibi Harusi alikuwa pia kitanda, kabati na anwani. Na zaidi ya hayo yote, alikuwa uso wake. Tapeli anayeshuka kwenye Benzi ni mfanyabiashara. Tapeli anayekuja kwa miguu ni tapeli. Kapteni alilijua hilo kama anavyolijua jina lake, tena zaidi, maana majina alikuwa nayo mengi.

Asubuhi moja Bibi Harusi alizimika kando ya uzio wa kambi ya jeshi. Wapita njia walimwona Kapteni, wakamtambua, wakaongeza mwendo. Basi akabaki ndani, kioo ameshusha, akingoja wageni wa mji wapite wamsukume. Ndipo alipomsikia sajini.

Sajini yule alikuwa na sauti ya kumwamsha mtu aliyezikwa juzi. Vijana wake walikuwa wamechimba handaki na kulaza mihimili ya chuma juu yake. Sasa walikuwa wakibeba masanduku mapana ya kijani, wawili wawili, mepesi maana yalikuwa matupu, wakiyapanga juu ya mihimili na kuyafunga moja kwa jingine kwa pini, kama mtoto anayepanga viberiti. Yakishafungwa, waliyajaza mchanga kwa sepetu.

“Hili ni paa la chini!” sajini akanguruma. “Hili ndilo linalobeba! Juu yake tunaacha nafasi, hewa tupu, halafu tunapanga paa la pili, jembamba. Bomu likija linapasukia wapi?”

“Paa la juu, afande!”

“Na wewe uko wapi?”

“Chini, afande!”

“Unafanya nini huko chini?”

Vijana wakaegemea sepetu zao. Kisha kijana mmoja akajibu, “Nashukuru, afande.”

Sajini akaendelea: sanduku moja likiharibika unachomoa hilo hilo, unatia jingine, paa halijui kama limeumia. Mkihama, mnamwaga mchanga, mnapakia masanduku kwenye lori, mnakwenda zenu. Kapteni alisikiliza somo lote bila kulipa ada. Mwingine pale angeona masanduku ya mchanga. Kapteni aliona duka la Mama Misumari.

Mama Misumari alikuwa na duka kubwa la vifaa vya ujenzi, na moyo mdogo. Angeweza kukuuzia msumari uliopinda na kukutoza gharama za kuupinda. Kwa miaka mingi alikuwa akiumia kimoyomoyo kwamba jeshi hununua vitu vyake kwingine, na kila lori la kijani lilipopita mbele ya duka alilitazama kama mjane anavyotazama harusi ya watu.

Jioni ile ile Kapteni alikuwa kwa binamu yake, seremala, mtu mnene mwenye huruma na penseli sikioni. Alimchorea sanduku kwenye ubao.

“La chuma?” akauliza seremala.

“La plaiwudi. Rangi ya kijani ndiyo chuma chenyewe.”

“Na ndani tunatia mchanga?”

“Mchanga, naam.”

“Utabebwa na nani, binamu?”

Wakatazamana. Kapteni akatazama mikono yake laini. Seremala akatazama tumbo lake. Kisha wote wawili wakatazama kona ya karakana, ambako vumbi la mbao lilikuwa limelundikana mpaka kiunoni, na seremala akaenda kuchukua sepetu.

Siku aliyokwenda dukani, Kapteni alilipa watu wamsukume mpaka kwenye kona, ili Bibi Harusi aingie barabara ya duka akinguruma mwenyewe. Alishuka polepole, mguu kwanza, halafu vifungo, halafu yeye. Mlangoni palikuwa na mtu amekaa juu kabisa ya ngazi ndefu, ameshika kidato kwa mikono miwili, uso umempauka.

“Fundi wa taa?” akauliza Kapteni kwa adabu.

“Hapana, bwana. Nauza ngazi.”

Kapteni hakulifikiria jambo hilo tena. Laiti angelifikiria.

“Mama,” alianza, akiwa ameinama juu ya kaunta na kushusha sauti, “mimi nimestaafu jeshini. Hapa nimekuja kama mtoto kwa mama yake. Kuna jambo la kitaifa, na sitaki liende kwa watu wasio na uchungu na nchi.”

“Mambo ya kitaifa huwa yanalipa?” akauliza Mama Misumari.

“Mama! Yanalipa mpaka unaona aibu.”

“Mimi aibu niliacha kuiona zamani. Endelea.”

Akaendelea. Alimweleza handaki na mihimili, paa la chini linalobeba, nafasi ya hewa, paa la juu linalopokea bomu. Alieleza vizuri kuliko sajini, na bila kelele. Askari nao wana mama zao, alisema, na hapo akafuta jicho. Jeshi linataka masanduku haya kwa maelfu. Yeye anaijua siri ya kuyatengeneza. Kinachokosekana ni mshirika wa kutoa vifaa vya kuanzia: mihimili ya chuma, nondo, saruji, mabati, lori moja tu, lijazwe vizuri. Vikishafika kiwandani, kazi inaanza, na Mama Misumari anakuwa mwuzaji wa kambi milele na milele.

Kiwanda hakikuwapo, bila shaka. Kilichokuwapo ni mjenzi mmoja upande wa pili wa mji, aliyekuwa tayari kulipokea lori hilo kwa nusu bei bila kuuliza limezaliwa na nani.

Seremala akaingia na sanduku la mfano, kijani linang'aa, akaliweka juu ya kaunta. Mama Misumari akaligonga kwa kidole. Akalinusa. Akalinyanyua kwa mkono mmoja, macho yakamtoka.

“Jepesi hivi! Na limejaa?”

“Limejaa, mama. Ndiyo utaalamu wenyewe. Mchanga wa kawaida ni wa watu wa kawaida.”

“Hmm.” Mama Misumari akalipima tena mkononi, na mawazo yake yakaonekana yakitembea usoni kama panya chini ya mkeka. “Sasa mwanangu, hivi ni lazima tulijaze lote? Tukijaza nusu nani atajua?”

Kapteni akajivuta nyuma, mkono kifuani. Kwa kweli aliumia. Tapeli mzoefu hakuna kinachomuudhi kama kukutana na mwizi asiye na subira.

“Mama,” alisema kwa uchungu, “yule aliye chini yake atajua.”

“Kwa muda gani?” akauliza Mama Misumari. Lakini alicheka, akayapokea yale makubaliano: lori litapakiwa, lote, mihimili na kila kitu. “Tukishajaribu tu.”

“Kujaribu?”

“Wewe humu hujawahi kuniuzia kitu, ndiyo maana hujui. Mimi sinunui kitu kabla mwenyewe hajakijaribu mbele yangu. Anayeuza kamba ananing'inia. Anayeuza tangi la maji analala ndani limejaa—basi, anatoa kichwa. Yule wa ngazi pale nje yuko juu tangu nimefungua duka. Ewe!” akapaza sauti. “Unaendeleaje huko?”

“Kizunguzungu, mama!”

“Lakini ngazi je?”

“Ngazi haina neno, mama!”

“Unaona? Nitachukua kumi.” Akamgeukia Kapteni na kumpigapiga begani. “Shemeji yangu analipua miamba kule kwenye machimbo, ndiko ninakochukua kokoto. Kesho mchana atatuwekea kibaruti kidogo. Wewe utakaa chini ya paa lako, bum, unatoka, tunapakia lori. Chai utakunywa?”

Kapteni alikunywa chai ile kama dawa.

Kurudi nyuma hakukuwezekana. Mjenzi alikuwa akingoja lori, na Kapteni alikuwa amekwisha kumwahidi kwa roho ya marehemu baba yake, ambaye alikuwa hai. Isitoshe, alijiamini. Ulimi wake ulikuwa umewahi kumtoa polisi, kanisani na katika ndoa mbili. Utashindwaje kumtoa shimoni?

Machimbo yalikuwa bonde jeupe la mawe, jua limelala juu yake kama pasi. Shemeji wa Mama Misumari, ambaye watu walimwita Fundi Baruti, alikuwa mwembamba, mpole, mwenye sikio moja tu lililofanya kazi. Alikuwa amechimba handaki zuri, la kukaa mtu mmoja kwa heshima. Juu yake mihimili, juu ya mihimili masanduku ya kijani yamepangwa na kufungwa kwa pini, kisha nafasi ya hewa juu ya vigingi, kisha safu ya pili. Kwa macho, sajini mwenyewe angepiga saluti.

“Karibu ndani, Kapteni,” akasema Mama Misumari, amekaa kwenye kiti chake chini ya mwavuli na kikombe cha chai. “Nimekuwekea mto.”

“Mama, nilikuwa nawaza,” akasema Kapteni. “Jeshini kwetu, majaribio ya kwanza huwa tunatumia mbuzi.”

“Mbuzi ndiye anayeniuzia?”

“Hapana, lakini—”

“Mbuzi akipona atanieleza amejisikiaje?”

Kapteni akakubali kwamba mbuzi ana upungufu huo. Akashika goti: jeraha la vita, halikunji. Fundi Baruti, kwa upole, akasema handaki linatosha kunyoosha mguu, akaonyesha kwa kushuka mwenyewe na kujinyoosha. Kapteni akasema kifua kinambana mahali pa giza. Mama Misumari akatoa tochi. Kapteni akamgeukia binamu yake na kumwekea mkono begani kwa mapenzi mazito.

“Kusema kweli, mama, heshima hii si yangu peke yangu. Binamu yangu huyu ndiye aliyeyatengeneza. Mimi sina choyo. Binamu, ingia.”

“Mimi?” Seremala akaruka kama ameguswa na kaa la moto. “Mimi ndiye niliyeyajaza!”

Hata Fundi Baruti alisikia, kwa sikio lile bovu.

“Kuyajaza kuna nini?” akauliza Mama Misumari taratibu.

“Kumemchosha, mama,” akadakia Kapteni. “Usiku kucha anajaza. Mtu aliyechoka hivyo ukimwingiza shimoni atasinzia, na aliyesinzia hawezi kutoa ushahidi.”

Seremala akaitikia kwa kichwa kwamba amechoka sana, na kwamba anakwenda kujinyoosha kidogo nyuma ya yale mawe. Akaenda. Aliponyoosha, alinyoosha miguu yote miwili kwa kasi, na mpaka leo hajaonekana machimboni.

Kapteni akabaki peke yake na paa lake. Fundi Baruti alikuwa ameshika kifurushi kidogo na utambi mrefu, akimtazama kwa macho ya mtu anayengoja abiria aketi ndipo aondoe gari. Na hapo Kapteni akajipiga kofi la paji la uso, kofi la kweli, likasikika bonde zima.

“Pini za juu!”

“Zina nini?”

“Nimezisahau! Mama, paa la juu bila pini za juu ni kama suruali bila mkanda. Jeshini mtu hufikishwa mahakamani. Naruka mara moja na gari, nazileta, ninaingia shimoni nikiimba.”

Mama Misumari hakuwa na neno. Alitaka biashara, na biashara ilihitaji pini. Basi wakamsukuma. Fundi Baruti akasukuma, wachimba kokoto wakasukuma, Mama Misumari akasukuma kwa mwavuli. Bibi Harusi alikwenda mbele kidogo, akakohoa, akasimama. Wakamrudisha, wakamsukuma tena. Akakohoa. Kapteni akambembeleza kwa sauti ya chini, akamwita mpenzi, akamwita mama, akamwita jina moja ambalo siwezi kuliandika mbele ya watoto. Bibi Harusi hakutaka.

“Liache gari,” akasema Mama Misumari, akitweta. “Nenda kwa miguu. Funguo nipe mimi, gari likae hapa amana mpaka urudi.”

Kapteni akalitazama gari. Humo mlikuwa na blanketi lake, wembe wake, viatu vyake vya pili na sura yake ya pekee. Akalitazama handaki. Akatoa funguo. Alijisemea moyoni kwamba jua likishuka watu watakwenda zao, naye atarudi na vijana wa kusukuma, na mambo yataisha kimyakimya.

Alitembea kwa hatua za kijeshi, mabega nyuma, mpaka alipofika kwenye kona ya mwamba. Baada ya kona, ilikuwa mguu niponye.

Walingoja. Fundi Baruti alikuwa mtu mvumilivu, lakini utambi ulikwisha kukatwa na hakupenda kuharibu utambi.

“Shemeji,” akasema, “jeshi hulipuliwa hata bila pini. Nijaribu tu?”

“Jaribu.”

Bum lenyewe halikuwa kubwa. Lakini masanduku ya juu yalipasuka, ya chini yakayafuata bila kubishana, na juu ya bonde lile jeupe likapanda wingu la manjano iliyopauka, laini, zuri kwa kweli, lenye harufu ya msonobari. Likapanda, likatulia, likaanza kushuka. Likashuka juu ya mwavuli, juu ya wachimba kokoto, ndani ya chai. Mama Misumari alikaa kwenye kiti chake, mweupe kichwa na nyusi, kama bibi aliyezeeka ghafla. Akachovya kidole shavuni. Akakinusa.

“Vumbi la mbao,” akasema.

“Ndiyo, shemeji,” akajibu Fundi Baruti, akichungulia handakini. “Na lile la chini limedondokea kwenye mto. Angekaa hapa, angekufa laini.”

Wengine walitarajia atalia. Mama Misumari hakulia, maana lori lake lilikuwa bado dukani na mihimili ilikuwa bado yake. Aligeuka, akaliangalia Benzi kwa jicho la mtu anayepima mbao. Fundi Baruti akafungua boneti, akakaza waya mmoja uliolegea kwenye betri, akawasha. Bibi Harusi akanguruma mara moja, kwa utiifu, kama hajawahi kumkatalia mtu.

Tangu hapo Kapteni alimwona Bibi Harusi kila siku, kwa mbali. Alimwona akipita na mabomba yamefungwa juu ya paa. Alimwona amebeba mifuko ya saruji mpaka makalio yamegusa barabara. Siku moja alimwona amebeba ngazi kumi, na hapo alishindwa, akageuza uso ukutani.

Alijaribu kufanya kazi kwa miguu. Alimwendea mwenye hoteli na habari ya mgodi wa dhahabu. Mwenye hoteli akatazama viatu vyake vyenye vumbi, akamwelekeza jikoni kwenye vyombo vya kuosha. Alimwendea daktari wa meno na habari ya urithi. Daktari akamwambia afungue mdomo, akaishia kung'olewa jino. Usiku alilala karakanani kwa binamu yake, juu ya vumbi la mbao, na kila alipogeuka lilimkumbusha. Bila gari hakuwa kitu. Ilibidi amrudishe Bibi Harusi, au aanze kufanya kazi ya halali, na hilo la pili lilimtoa jasho.

Basi akanyoa masharubu. Akaazima miwani na suti ya kijivu ya mwalimu mmoja, akatia kitabu kwapani, akajifunza kutembea ameinama kidogo kama mtu aliyesoma sana. Akaenda dukani mchana, watu wamejaa.

“Habari za kazi, mama,” akasema kwa sauti nyembamba. “Mimi ni mwalimu, natoka mbali. Nimekuja kwa aibu kubwa. Naambiwa ndugu yangu, pacha wangu, amepita hapa.”

Mama Misumari akamtazama. Akaacha kupima misumari.

“Pacha! Jamani. Mmefanana mpaka ninaogopa.”

“Sura tu, mama. Tabia ni mbingu na ardhi. Yule ametuaibisha ukoo mzima. Na hilo gari lililo nje, mama, ni langu. Aliliiba uani kwangu nikiwa nasahihisha mitihani.”

Wateja wakaguna kwa huruma. Mwanamke mmoja aliyekuja kununua kitasa akasema, “Pole, mwalimu.” Kapteni akavua miwani na kuifuta, jambo ambalo lilimsaidia pia kuona, maana haikuwa ya macho yake.

“Maskini,” akasema Mama Misumari. Akafungua droo, akatoa funguo, akaziweka juu ya kaunta katikati yao. “Mali ya mtu ni mali ya mtu. Mimi sidhulumu.”

Mkono wa Kapteni ukaanza safari.

“Ila kuna kitu kimoja kinanitatiza, mwalimu,” akaendelea Mama Misumari, akikuna shavu. “Yule ndugu yako, siku ile anakunywa chai hapa hapa, alinieleza habari za kwao kwa kirefu. Akasema yeye kwa mama yake amezaliwa peke yake. Hana kaka, hana dada, hana pacha.”

“Uongo huo!” Kapteni akapiga kaunta kwa ngumi, miwani ikaruka. “Mimi sikusema hivyo hata mara moja!”

Mwanamke wa kitasa akaziba mdomo kwa kitasa.

Mama Misumari akazirudisha funguo kwenye droo, akaifunga kwa goti, akasogeza viti viwili.

“Haya Kapteni,” akasema, “ketini nyote wawili.”